Biblia ni hiyo hiyo, mbona Wakristo hatuisomi sawa? (Uzi mrefu, karibuni wa madhehebu yote)

#1 MwanaMikindani (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki, Bwana asifiwe kwa waliookoka, na Sabato njema kwa watakaousoma uzi huu kuanzia Ijumaa magharibi. Mimi ni wa ACK, yaani Kanisa Anglikana la Kenya, asili yangu Taita, nimezaliwa na kukulia Mombasa.

Kuna jibu moja nimelichoka. Wakristo wawili wa makanisa tofauti wakibishana, iwe ndani ya matatu ya Magongo au kwenye foleni ya feri Likoni, haipiti muda mmoja atasema, "Nyinyi hamsomi Biblia." Mwenziwe atajibu, "Nyinyi mnasoma bila Roho." Mazungumzo yamekufa hapo. Nalipinga jibu hilo kwa sababu si kweli. Nawajua Wasabato wanaokueleza ile sanamu ya Danieli 2 kuanzia kichwa cha dhahabu hadi nyayo za udongo bila kufungua ukurasa. Nawajua akina mama wa jumuiya ndogo ndogo ambao hawalali kabla ya kupitia masomo ya Misa ya kesho. Nawajua walokole ambao Biblia zao zimejaa mistari ya kalamu za rangi na jalada linashikiliwa na gundi. Wote hao wanasoma. Wote wanaomba kabla ya kusoma.

Ninavyoona mimi, ugomvi wetu hauko kwenye aya. Uko kwenye aya ipi tumeipa mamlaka juu ya nyingine, na nani ana neno la mwisho pale mbili zinapoonekana kugongana. Hayo tunakuwa tumeshayaamua kabla hatujafungua kitabu. Tena wengi hatukuyaamua wenyewe, tumeyarithi.

Nitoe mfano wa nyumbani. Shangazi yangu aliolewa Bura, akawa Mkatoliki mpaka mwisho. Mwanawe wa kwanza ni Msabato, bintiye ni mlokole. Alipofariki, matanga yakawa hapa Mikindani kabla ya kumpeleka Taita. Kamati ikapanga mazishi Jumamosi kama ilivyo desturi, ili wafanyakazi wasafiri bila kuomba ruhusa. Kaka akasema kwa heshima kabisa kwamba siku ya Sabato hawezi kushika jembe, hata la kumfukia mamake. Hilo lilimalizwa haraka, tukazika Ijumaa mchana. Zito lilikuwa la usiku ule wa matanga, wanawake wa jumuiya walipoanza rozari na kumwombea marehemu apumzike kwa amani.

Dada alinyamaza mafumbo mawili ya kwanza, la tatu akasimama. Akasoma Waebrania 9:27, kwamba watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. "Mamangu yuko na Yesu au hayuko. Maombi ya leo hayabadilishi." Kaka naye akafungua Mhubiri 9:5: "lakini wafu hawajui neno lo lote." Kwake mama amelala, hayuko popote pa kuombewa wala pa kusifiwa, anangoja parapanda. Katekista, mama mmoja mpole sana, akawajibu kwa 2 Wamakabayo 12, pale Yuda Mmakabayo anapotoa sadaka kwa ajili ya dhambi za askari waliokufa vitani. Dada akasema, "Hicho kitabu hakimo." Na kweli, kwenye meza ya plastiki palikuwa na Biblia mbili kando kwa kando, ya katekista kinapatikana, ya dada ukitoka Malaki unaingia Mathayo.

Angalieni basi kilichotokea. Kati ya katekista na dada, tofauti ilianzia kwenye orodha. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66. Kanisa la Orthodox la Ethiopia linahesabu 81. Vile vya ziada vya Kikatoliki, vinavyoitwa deuterokanoni, vilikuwemo katika tafsiri ya Kigiriki waliyoitumia Wakristo wa mwanzo. Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kiprotestanti, katika Biblia yake ya 1534 hakuvitupa, alivitenga katikati akisema vinafaa kusomwa ila si sawa na Maandiko mengine. Mtaguso wa Kikatoliki wa Trento ukajibu mwaka 1546 kwa kuvithibitisha kama Maandiko kamili. Sisi Waanglikana, Kifungu cha 6 cha vile 39 vya imani yetu kinasema visomwe kwa mfano wa maisha, visitumike kuthibitisha fundisho. Kwa hiyo katekista akinukuu Wamakabayo anatoa ushahidi, na dada masikioni mwake anasikia hadithi ya zamani. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Lakini kaka na dada wanatumia vitabu 66 vile vile! Hapo ndipo penye kiini. Dada anaanzia Luka 23:43, Yesu akimwambia mhalifu, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Akifika Mhubiri anasema hayo ni maneno ya mtu anayeyatazama maisha kutoka chini ya jua, si fundisho kuhusu ahera. Kaka anaanzia Mhubiri na 1 Wathesalonike 4, "waliolala mauti". Akifika Luka anasema mkato uhamishwe, isomeke "nakuambia leo", kwa maana maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na mikato tunayoiona leo. Kila mmoja ana aya ya kuanzia, na zile za mwenziwe anazifafanua kwa hiyo. Ukimwonyesha aya nyingine kumi atazifafanua vile vile.

Mwaka 1529 Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zurich, walikutana Marburg, Ujerumani, kwenye ngome ya mtawala Philip wa Hesse. Hawa hawakuwa na Papa katikati yao wala deuterokanoni. Wote walishika Maandiko peke yake, wote walijua Kigiriki. Luther akachukua chaki akaandika mezani "Huu ndio mwili wangu", akawa hatoki hapo: Bwana amesema ni mwili, basi ni mwili. Zwingli akamjibu kwa Yohana 6:63, "Roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu", basi mkate unaashiria. Makala waliyotayarisha yalikuwa 15. Kumi na manne walikubaliana, la mwisho wakakubaliana nusu, wakakwama kwenye swali la kama mwili wa Kristo umo kweli katika mkate. Mtawala yule alihitaji sana wapatane, kwani alitaka muungano wa kumkabili Kaisari. Hawakupatana, na Luther akakataa kuwatambua watu wa Zwingli kama ndugu. Mpaka leo ukiketi kwenye ibada ya Kilutheri na ya Kipresbiteri, ufa wa Marburg uko pale mezani.

Kwa hiyo anayesema "tungesoma Biblia tu tungekubaliana", Marburg inamkatalia. Karibuni.

#2 Msabato_Changamwe

Ndugu mwanzisha uzi, Bwana akubariki. Umeeleza msimamo wetu wa wafu bila kuupotosha, jambo ambalo ni nadra.

Ila nina swali. Unasema kila mtu ana aya yake ya kuanzia. Sisi ya Sabato hatukuichagua. Mungu mwenyewe aliiandika kwa kidole chake kwenye jiwe: "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase." Iko katika Amri Kumi, pamoja na usiue na usiibe. Haiwezekani aya kama hiyo iwe sawa na mstari wa Paulo kuhusu vyakula na vinywaji. Wakolosai 2:16, panaposema mtu asiwahukumu katika vyakula, vinywaji wala sabato, tunaisoma pamoja na Walawi 23, ambako kuna sabato za sikukuu kama Siku ya Upatanisho. Hizo ndizo Paulo anazoziita kivuli cha mambo yajayo. Ya juma ilianza Mwanzo 2 kabla hajazaliwa Myahudi hata mmoja. Na Luka 4:16 inasema ilikuwa desturi ya Yesu kuingia sinagogi siku ya Sabato. Jumapili mmeipata kwa sheria ya Konstantino ya mwaka 321.

#3 MwanaMikindani

Ndugu yangu wa Changamwe, umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Kwako jiwe linatawala waraka. Kwa wengi wetu waraka unatawala jiwe: Kristo amekuja, kwa hiyo hata Amri Kumi tunazisoma kupitia kwake, na Paulo anaposema "mtu asiwahukumu ninyi" katika sabato, tunaliacha neno lifike mpaka Sabato ya juma. Ukinipa Walawi 23, nitakupa Warumi 14:5, "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa." Utaniambia hapo Paulo haongelei Sabato. Nami nitakuuliza umejuaje, wakati neno Sabato halipo wala halikukatazwa kuwemo. Tutazunguka.

La Konstantino sikubaliani nalo. Sheria ya 321 ilikuwa ya kupumzisha mahakama na kazi za mjini. Kukusanyika Jumapili ni kwa zamani zaidi. Yustino Mfiadini, katikati ya karne ya pili, anaeleza Wakristo wakikutana siku ya jua, kusoma kumbukumbu za mitume na kumega mkate. Hilo halithibitishi kwamba Jumapili ni amri ya Mungu. Linathibitisha kwamba Konstantino aliikuta.

#4 Mama_Katekista_Tudor

Tumsifu Yesu Kristo. Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni katekista kwa muda mrefu, nimefundisha watoto wa komunyo ya kwanza na kipaimara, na wengi wao leo ni wachungaji wa makanisa mengine, kwa hiyo jambo hili linanigusa.

Mwanzisha uzi, umetufikisha mlangoni ukatuacha hapo. Kama kila mtu ana aya yake ya kuanzia, basi pawepo mtu wa kuamua. Yesu hakuacha kitabu, aliacha mitume kwanza, kitabu kikafuata. Yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8 alikuwa na chuo cha Isaya mkononi, anasoma kwa sauti garini, na Filipo alipomuuliza kama anaelewa alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Petro naye ameandika kwamba hakuna unabii katika maandiko upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu. Na Paulo akawaambia Wathesalonike wayashike mapokeo, "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu". Kanisa letu lina Maandiko, lina Mapokeo, lina mamlaka fundishi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulisema wazi kwamba mamlaka hiyo haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia.

Na sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa hatari ya mtu mmoja na Biblia yake bila wa kumuuliza. Shakahola si mbali. Mwaka 2023 tuliona msitu ukitoa miili zaidi ya 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Wamama wenzangu, watoto wachanga. Walionyeshwa aya. Nimelia sana kwa jambo lile na sijaacha kuliombea.

#5 Dada_wa_Bamburi

Bwana asifiwe. Mama Katekista, shikamoo. Shakahola ilituumiza sisi walokole kuliko mtu yeyote, kwa kuwa watu walituona sote kama kundi moja. Lakini mama, waliokufa kule hawakufa kwa kusoma Biblia kupita kiasi. Walikatazwa kuuliza. Kanisani kwetu Bamburi kila Jumatano mchungaji anafundisha, akimaliza watu wananyoosha mikono wanamuuliza, hata wa darasa la nane. Waberoya kwenye Matendo 17 walimpima Paulo kwa Maandiko kila siku, na Luka akawasifu. Mimi naona usalama uko hapo.

Tena mnazungumza juu ya aya na mamlaka kana kwamba Roho Mtakatifu alistaafu. Nilizaliwa katika kanisa la zamani, nikapata kipaimara nikasomewa kwamba nimepokea Roho. Halafu usiku mmoja wa kesha nikanena kwa lugha, na Matendo ya Mitume nikayasoma upya nikayaelewa. Siwezi kusoma sura ya 2, ya 10 na ya 19 kama historia ya watu wengine. Yoeli alisema kila mwenye mwili. Hivyo ndivyo walivyoona wale wa uamsho wa Mtaa wa Azusa kule Los Angeles mwaka 1906, waliongozwa na William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, weusi na weupe wakipiga magoti pamoja wakati nchi yao imewatenga.

#6 MwanaMikindani

Dada, ushuhuda wako naupokea. Na umenionyesha jambo sikuliandika mwanzoni: kuna wanaoacha kisa kitawale waraka, na wanaoacha waraka utawale kisa. Kwenu, kilichotokea katika Matendo ndicho kielelezo cha kila muumini. Wengine tunaanzia 1 Wakorintho 12:30, "Wote wanena kwa lugha?", na jibu linalotarajiwa pale ni hapana. Tukishaanzia hapo, Matendo 2 inakuwa siku ya kuzaliwa kwa Kanisa, na siku ya kuzaliwa hairudiwi.

Mama Katekista, kwako nataka nijibu kwa utaratibu, maana hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu. Ni kweli mamlaka inapunguza mafarakano. Makanisa yanayotokana na mtu mmoja na kipaza sauti hugawanyika hovyo, tunaona kila mtaa kuanzia Kisauni hadi Miritini. Lakini mamlaka yenyewe imejengwa juu ya aya inayobishaniwa. Mathayo 16:18, "wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu". Waorthodoksi wana mitaguso, wana maaskofu wa urithi wa mitume, wana Mapokeo ya zamani kama yenu, na wanaisoma aya ile tofauti. Mwaka 1054 Roma na Konstantinopoli zilitengana, na mpaka leo hazijaungana tena.

Na mfano mwingine uko hapa hapa Mombasa, ndani ya kanisa langu. Mwaka 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu: Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa AIM (Africa Inland Mission). Walitaka shirikisho, Waafrika wasirithi mafarakano ya Ulaya. Mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja, ndani ya kanisa la misheni ya Waskoti, na aliyeongoza ni William Peel, Askofu wa Mombasa. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia aliandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akimshtaki Peel na mwenziwe Willis wa Uganda kwa uzushi. Weston na Peel walikuwa Waanglikana wote wawili. Biblia moja, kitabu cha sala kimoja, wameungana chini ya Canterbury moja. Kwa Weston, bila askofu wa urithi wa mitume hakuna meza ya kushiriki na wasio nao. Kwa Peel, palipo na Injili na imani ya Mitume pana ndugu. Askofu Mkuu Randall Davidson hakumfungulia mtu kesi ya uzushi, lakini shirikisho lile walilolitaka halikupatikana.

Hilo linanisikitisha mpaka leo. Tulikuwa karibu sana.

#7 Kijana_wa_Ribe

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi kwetu Ribe, na la kurithi alilosema mwanzisha uzi naliunga mkono kwa ushahidi wa vilima vyetu.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Alikuwa Mjerumani wa Württemberg aliyelelewa Kilutheri, akatumwa na CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza. Mwaka ule ule mkewe Rosine alifariki pamoja na mtoto wao mchanga, kaburi liko upande wa Nyali. Rebmann akaja 1846 wakaanza Rabai. Mwaka 1862 Krapf huyo huyo akawasaidia Wamethodisti kuanza Ribe, na Thomas Wakefield akakaa pale miaka mingi. Rabai na Ribe ni jirani kabisa. Sasa niambieni, babu yangu alikuwa Mmethodisti kwa sababu aliichambua Warumi 9, juu ya Mungu kuchagua wa kuokolewa, akaona mhubiri Wesley ana haki kuliko mwenziwe Whitefield? Alikuwa Mmethodisti kwa sababu shule ilikuwa kilima kile. Angezaliwa upande wa pili angekuwa Mwanglikana, na angeitetea imani hiyo kwa moyo ule ule.

Sisemi imani yake ilikuwa ya bure. Alikufa akiimba. Nasema tu kwamba nikibishana na Mrabai kuhusu Biblia, sehemu kubwa ya ubishi wetu ilifika na meli.

#8 Jirani_Kibokoni

Assalaam alaykum majirani. Mimi Muislamu, nafuata uzi huu kwa kuwa nina wafanyakazi wenzangu wa makanisa yote mliyoyataja, na hupenda kuelewa. Kwetu pia tuna madhehebu. Pwani hii wengi ni Shafii, ukisali alfajiri na imamu wa Kihanafi utaona hasomi kunuti, ile dua ya kusimama. Lakini tumezoea kusema wote wako ndani ya njia, ni ijtihadi, yaani juhudi ya wanazuoni kufasiri sheria.

Swali langu: katika miaka yote hii, mmewahi kukubaliana upya kwenye jambo mlilotengana? Au mnatengana tu?

#9 MwanaMikindani

Wa alaykum salaam, jirani. Ahsante kwa swali, tena umeuliza kwa adabu ambayo sisi wenyewe kwa wenyewe hutushinda.

Ndiyo, tumewahi, na kwenye jambo lile lile lililoanzisha vita. Luther alisimama kwenye Warumi 3:28, "mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria." Wakatoliki wakamwonyesha Yakobo 2:24, "mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake. Si kwa imani peke yake." Luther aliupa Warumi utawala kamili kiasi kwamba katika Agano Jipya lake la 1522 aliupeleka Yakobo karibu na mwisho, na kwenye utangulizi akauita waraka wa majani makavu. Trento mwaka 1547 ikatoa laana zake. Kwa sababu ya aya hizi mbili Ulaya ilimwaga damu nyingi, siasa zikizidisha.

Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Shirikisho la Walutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Wamethodisti wakajiunga 2006, Wareformati 2017. Hawakusema mmoja alikuwa mjinga. Kila upande ulieleza neno lake la kwanza ni lipi na linalinda nini, na ule mwingine ukasikiliza. Walutheri wakaeleza kwamba imani wanayoihubiri si imani isiyozaa matendo. Wakatoliki wakaeleza kwamba matendo wanayoyadai ni tunda la neema, si bei ya kuinunua. Wakatamka kwamba laana za karne ya 16 hazimgusi anayefundisha kama ilivyoelezwa ndani ya tamko lile. Bado hawashiriki Ekaristi pamoja. Lakini mwanzo wa ugomvi wenyewe waliufikia, wakashikana mikono juu yake.

Nimewaza kujaribu hilo humu kwa kiasi chetu kidogo. Naomba kila aliyechangia aseme kwa kweli ni aya gani ya upande wa pili inayomsumbua. Siyo ile ambayo ana jibu lake tayari, ile ambayo akiifikia husoma polepole.

Naanza mimi. Kanisa letu linabatiza watoto wachanga. Tunasimama kwenye nyumba ya mlinzi wa gereza kule Filipi, Matendo 16:33, alibatizwa "yeye na watu wake wote", na kwenye Wakolosai 2 panapounganisha ubatizo na tohara. Aya inayonisumbua ni Matendo 2:38. Petro anasema tubuni, mkabatizwe. Toba imetangulia. Mtoto wa wiki sita hana cha kutubia. Kule Zurich mwaka 1527 walimzamisha Felix Manz mtoni mpaka akafa kwa kuishika aya hiyo, na waliomzamisha walikuwa watu wa Matengenezo wanaobatiza watoto kama sisi. Sijabadili msimamo, watoto wangu wamebatizwa wakiwa wachanga. Lakini nikisoma aya hiyo mbele ya Mbaptisti najua ana haki ya kuniuliza.

#10 Dada_wa_Bamburi

Yangu umeshaitaja, 1 Wakorintho 12:30. Tunafundishwa kwamba pale ni karama ya lugha ya hadharani kanisani, tofauti na ishara ya ubatizo wa Roho. Naamini hivyo. Lakini kuna rafiki yangu ameomba, amefunga, amewekewa mikono na kila mtumishi, hajanena hata siku moja, na upendo wake unanizidi mimi mbali. Kila nikimwona naikumbuka aya hiyo.

#11 Mama_Katekista_Tudor

Mwanangu, umeuliza swali gumu na nitalijibu. 1 Timotheo 2:5, kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Sisi tunafundisha kwamba kumwomba Maria atuombee ni sawa na mimi kukuomba wewe uniombee, na upatanishi wa Kristo haupungui kwa hilo. Nimefundisha hivyo na ndivyo ilivyo. Lakini wapo watu parokiani ambao ukiwasikiliza sala zao kwa mwezi mzima humsikii Yesu, ni watakatifu tu. Hapo nafungua Timotheo naisoma kwa sauti, kwa wote.

#12 Msabato_Changamwe

Nilikuwa nimesema sitajibu, kisha nikaisoma ya Mama Katekista.

Ni Warumi 14:5 hiyo hiyo. Maelezo yetu ni kwamba Paulo anazungumzia siku za kufunga za Kiyahudi, kwa kuwa sura nzima inahusu kula na kutokula. Nimeyatoa maelezo hayo kwenye mikutano ya hema mara nyingi na bado nayaona ni sahihi. Kinachonikalia ni sehemu ya mwisho ya mstari, "Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Paulo angeweza kuandika siku gani ni siku gani. Hakuandika. Nimeuliza wazee wa kanisa, na wiki ijayo tuna shule ya Sabato, nitaipeleka darasani tuisome sura nzima kuanzia mstari wa kwanza. Mwenye nafasi ya Changamwe aje, tunaanza saa tatu asubuhi. Aje na Biblia yake, hata ile ya vitabu 73.